Masomo ya Likelemba: Walimu Wakiandika Pamoja



Katika namba hii ya gazeti letu nataka kueleza jambo moja lenye tunaishi nalo kila siku bila kulifikiri: namna gani walimu wanaweza kutengeneza masomo pamoja na kugawiana. Pengine mutasema: «Hiyo ni kazi ya walimu, sisi inatuangalia nini?» Ngojeni kwanza. Inatuangalia sana, na finalisti inamuangalia kuliko wote.

1. KAYE MBILI ZA SOMO MOJA

Munakumbuka wote mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, vita ilipofika katika mji wetu wa Goma. Masomo yalisimama. Tuliporudi, madarasa hayakuwa yale yale. Wenzetu wengine walikuwa wamehama, na wengine wapya wakaingia kutoka shule nyingine za mjini na za Masisi na Rutshuru. Hata mbele ya hapo watoto wa wakimbizi walikuwa wanaingia katika shule za Goma mwaka nzima, bila kungoja mwezi wa tisa.

Mmoja wao aliketi na mimi kwenye banki moja. Option yetu ni moja, darasa letu ni moja. Siku moja tukafungua kaye zetu za kemia ili tusome pamoja. Mimi nilikuwa na kurasa kumi na moja juu ya sura moja. Yeye alikuwa na kurasa nne. Lakini mbele kidogo, yeye alikuwa na sura nzima yenye mimi sikuisikia hata jina. Nikamuuliza, akacheka. Kisha akaniuliza mimi juu ya mazoezi yangu ya mwisho, na yeye akasema: «Ile sisi hatukuionaka.» Hapo hakuna aliyecheka tena.

Sababu ni hii. Sisi wawili tunangojewa na Mtihani wa Serikali, ule tunaita Examen d'État. Mtihani ule ni wa inchi nzima. Haumuulizi mtu: «Mwalimu wako alifika wapi? Wiki ngapi mulikimbia?» Unaleta maswali, na unangoja majibu. Basi tofauti ya kaye zetu si jambo la kuchekesha. Ni tofauti ya diplome na kurudia mwaka.

Tena kuna neno lingine. Mwalimu mmoja alihama wakati ule pamoja na bibi yake na watoto. Sina neno la kumlaumu. Mzazi anapashwa kuokoa watoto wake. Lakini alipohama, somo lake lilihama naye, kwa sababu lilikuwa katika kaye moja tu, na kaye ile ilikuwa katika mfuko wake. Mwalimu aliyemfuata hakukuta hata karatasi moja. Alianza kutuuliza sisi wanafunzi: «Mulifika wapi?» Na kila mmoja alijibu ya kwake.

2. KUTOKA PROGRAMU MPAKA KWENYE UBAO

Wengi wetu tunafikiri kwamba mwalimu anapewa somo tayari na serikali, yeye anakuja tu kuliandika kwenye ubao. Sivyo. Serikali inatoa programu ya taifa. Programu inasema sura gani zifundishwe na katika darasa gani. Lakini programu si somo, kama vile orodha ya vitu vya sokoni si chakula.

Kwanza mwalimu anagawa sura zile kwa majuma ya mwaka. Karatasi ile inaitwa prévision des matières. Kisha, kwa kila somo, anaandika fiche de préparation: kusudi la somo ni nini, wanafunzi wanajua nini tayari, ataanza na swali gani, mfano gani, mazoezi gani. Kila siku anaandika pia journal de classe. Na kwa kuwa vitabu ni vichache, anapashwa kutunga muhtasari wenye sisi tutanakili. Kwetu, mara nyingi, mwalimu ndiye kitabu. Kama kitabu kina homa, darasa lina homa.

Kazi hii yote, wengi wanaifanya peke yao, usiku, na moto wa umeme ukikatika wanaendelea na taa ya simu. Katika mji mmoja, usiku mmoja, walimu kumi wanaweza kuwa wanaandika somo moja lile lile la moyo na mzunguko wa damu, kila mmoja nyumbani kwake, hakuna anayejua ya mwenziwe.

Lakini katika shule za inchi yetu kuna chombo chenye kiliwekwa kwa ajili ya shida hiyo. Kinaitwa Unité pédagogique. Ni walimu wa tawi moja, kwa mfano wa hesabu wote, au wa lugha wote, pamoja na kiongozi wao. Wanakutana, wanapatana namna ya kugawa programu, wanatayarisha somo la mfano. Mmoja anafundisha, wengine wanaketi nyuma ya darasa na kuandika. Kisha wanaongea: nini kilieleweka, nini hakikueleweka. Katika shule ya msingi walimu wana chombo kama hicho. Mahali chombo hiki kinafanya kazi, shule ina somo moja la hesabu. Mahali kimelala, kinaonekana tu katika procès-verbal siku inspekta anakuja.

3. LIKELEMBA YA MASOMO

Ili neno lieleweke, nitachukua mfano wa mama zetu. Kule Kituku, Birere ao soko ya Virunga, mama kumi wanafanya likelemba. Kila mmoja anatoa kidogo, na kila mara mmoja anachukua vyote. Hivyo mama mwenye hangeweza kununua gunia la maharagi peke yake, zamu yake ikifika anaweza.

Sasa tufanye hesabu ya walimu. Tuseme walimu watano wa biolojia, katika shule tano za mjini, wanafundisha darasa moja, na programu iko na masomo 30. Kila mtu akifanya peke yake, kila mmoja atatayarisha masomo 30. Wote pamoja watakuwa wamefanya kazi ya masomo 150, na mwisho hakuna mwenye kuwa na zaidi ya yale 30 yake. Lakini wakigawana, kila mmoja anachukua masomo 6. Sita mara tano ni 30. Hata kama kila mmoja ataweka nguvu mara mbili kwa kila somo, ili liwe zuri kabisa, itakuwa kama masomo 12 ya kawaida. Nguvu ya masomo 18 inabaki: ya kusoma kazi ya wenzake, kusahihisha na kutunga mazoezi.

Na hapa likelemba ya masomo inapita ya feza. Feza ukimpa mwenzako, mfuko wako unabaki mtupu. Somo ukimpa mwenzako, wewe unabaki nalo, na pengine linakurudilia likiwa zuri kuliko vile ulilitoa. Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Tena chawa wa programu ni wengi.

4. WENGINE WALIFANYA

Jambo hili si ndoto ya kapita wa shule. Limekwisha kufanywa, na si mbali na sisi.

Mwaka 1962 walimu na wataalamu wa hesabu walikutana Entebbe, katika Uganda, pembeni ya ziwa Victoria. Walitoka katika inchi mbalimbali za Afrika, pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani. Waliketi kwa majuma, wakaandika vitabu vya hesabu pamoja. Vitabu vile viliitwa Entebbe Mathematics. Havikutolewa mara moja kama vimekamilika: vilipelekwa kwanza madarasani kama vya kujaribu, kisha waandishi wakarudi kukutana miaka iliyofuata ili kuvisahihisha. Njia hii ya kujaribu na kurudi ni ya kujifunza.

Lakini tuseme kweli yote. Hesabu ile iliitwa ya kisasa, na haikudumu. Walimu wengi wa kawaida, wenye hawakuketi kule Entebbe, waliona vigumu kuifundisha, na wazazi hawakutambua kazi ya watoto wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliacha hesabu ya kisasa. Basi kutoka Entebbe tunachukua mafundisho mawili. La kwanza: watu wa inchi nyingi wanaweza kuandika kitabu kimoja. La pili: mwenye atafundisha somo anapashwa kuwa na mkono katika kuliandika, kama sivyo somo litabaki geni kwake.

Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 1998, kwa musaada wa Japani. Mpango ule uliitwa SMASSE, ukaanza katika wilaya tisa, kisha ukaenea inchi nzima. Ulikuwa wa walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari. Maneno yao manne ni rahisi kushika: panga, fanya, tazama, boresha. Walimu waliandaa masomo kwa kutumia vitu vya karibu, chupa, kamba, udongo, kwa sababu shule nyingi hazikuwa na laboratwari. Kule Japani kwenyewe kuna desturi ya zamani: walimu wanatunga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanatazama wanafunzi, hawamtazami mwalimu. Munaona tofauti? Kama ninamtazama mwalimu, nitasema amekosa. Kama ninamtazama mwanafunzi, nitasema hapa hakuelewa. Neno la kwanza linaumiza, la pili linasaidia.

Mwaka 2005 ulianza mpango wa TESSA. Uliongozwa na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vikuu vya Afrika, na kati yao kuna vya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda jirani yetu. Wakatunga masomo kwa ajili ya walimu wa shule za msingi. Wakayatoa katika lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Na masomo yale wameyatoa bure, kwa ruhusa yenye kuandikwa: mwalimu anaweza kunakili, kubadili mifano ili ifae kijiji chake, na kuwapa wengine. Mfano wenye kuzungumza juu ya bahari, mwalimu wa Goma anaweza kuweka ziwa Kivu.

Na sisi wenyewe? Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Zaire ilinyanganya makanisa shule zao. Mwaka 1977, tarehe 26 ya mwezi wa pili, serikali na makanisa walitia sahihi kwa ile Convention, na makanisa yakarudilia kuongoza shule. Ndiyo maana shule zetu zinaitwa conventionnées protestantes. Kwa hiyo shule ya 3ème CBCA na shule ya 8ème CEPAC ziko chini ya koordinasio moja. Walimu wao si wageni. Njia imekwisha kuchimbwa tangu wakati wa baba zetu. Inabaki masomo yapite ndani yake.

5. HATUA KWA HATUA

Kutokana na haya, kazi inaweza kufuata hatua hizi:

(a) Walimu wa tawi moja wanafungua programu ya taifa pamoja na kupatana juu ya orodha moja ya masomo na juma la kila moja.

(b) Wanagawana. Kila mmoja achukue kwanza sura anayoijua vizuri. Yule ambaye ni hodari kwa umeme asipewe mimea.

(c) Kila mmoja anaandika kwa umbo moja: kusudi, maneno magumu, maelezo, mfano wa hapa kwetu, mazoezi, na majibu ya mazoezi. Majibu yasisahauliwe, kwa sababu anayetunga zoezi bila kulifanya mwenyewe atatunga siku moja zoezi lisilo na jibu.

(d) Mwenzake anasoma na bic nyekundu, mbele ya mtu yeyote kunakili.

(e) Somo linafundishwa. Mwalimu anaandika pembeni mahali wanafunzi walikwama.

(f) Linasahihishwa, linawekwa tarehe na majina ya walioandika, kisha linapigwa na kugawiwa. Mwaka unaofuata halianzi sifuri.

6. MAGUMU

Gumu la kwanza ni haya. Kuonyesha mwenzako maandishi yako ni kama kumfungulia chungu chako: ataona kilicho ndani. Mwalimu wa miaka ishirini anaweza kuogopa kwamba kijana aliyetoka juzi ISP atamsahihisha. Lakini na kijana anamuogopa mzee. Dawa ni kwamba mzee atoe lake wa kwanza.

Gumu la pili ni feza, na nitalisema kwa heshima. Mshahara wa mwalimu munaujua. Walimu wengine wanapiga silabi zao na kuziuzisha kwa wanafunzi, na feza ile inanunua unga. Kumwambia atoe silabi yake bure ni kumtoa unga mdomoni. Nafikiri inafaa silabi ya pamoja ipigwe kwa bei ndogo yenye kujulikana na wazazi, na kile kinachobaki kigawiwe kwa walioandika. Wanafunzi watalipa kidogo kwa sababu wanunuzi ni wa shule tano. Na mwanafunzi asiye na kitu apate nafasi ya kunakili ile ya biblioteki.

Gumu la tatu ni kosa. Kosa la mwalimu mmoja linaharibu darasa moja. Kosa la silabi ya pamoja linaingia katika shule tano siku moja. Ndiyo maana ile hatua ya bic nyekundu si ya kurukwa hata kama tuko na haraka.

Gumu la ine ni mahali pa kutunza. Sisi wa Goma hatuna haja ya kufundishwa neno hilo. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na sehemu ya mji ikafunikwa. Tarehe 22 ya mwezi wa tano mwaka 2021 ulitoka tena. Siku chache nyuma tukaambiwa tuhame, na watu wakashika njia ya Sake na ya Gisenyi na magodoro kichwani. Wakati kama ule, nani anabeba kabati ya maktaba? Lakini kama somo moja liko katika shule tano, na lingine limepigwa picha katika simu ya mwalimu mmoja wa Butembo, moto hauwezi kulimaliza. Karatasi ya peke yake inaungua. Karatasi yenye ndugu inarudi.

7. NA SISI WANAFUNZI?

Tusiketi na kungoja. Kwanza, tunakili vizuri. Kaye yenye tarehe na vichwa vya sura ni msaada kwa mwalimu mpya. Ningekuwa na kaye kama ile mwaka jana, yule mwalimu wetu asingepoteza muda wa kutuuliza. Pili, mwalimu akikosea, tumwambie kwa adabu, kisha saa ya somo, bila kucheka. Tatu, kila darasa lichague wawili wenye mwandiko mzuri, watunze kaye moja ya darasa kwa kila tawi, ibaki shuleni mwisho wa mwaka. Ine, karatasi za biblioteki zisiguswe na wembe. Mwenye kukata ukurasa ameiba kwa mdogo wake wa kesho.

Mimi na mwenzangu wa banki tulifanya vile. Nilinakili sura yake, naye akanakili kurasa zangu. Tulikwama mahali pawili, tukapeleka kwa mwalimu, akatueleza wote kwa mara moja. Siwezi kusema kama tutafaulu, matokeo bado. Lakini sasa kaye zetu ni moja.

8. KWA KUMALIZA

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tatu, kuna orodha ndefu ya majina yenye wengi tunairuka tukisoma Biblia. Ni majina ya watu waliojenga ukuta wa Yerusalema: makuhani, wafua zahabu, wachuuzi, hata mmoja pamoja na binti zake. Kila mmoja alipewa kipande, wengine mbele ya nyumba yao. Hakuna aliyejenga ukuta wote, na hakuna aliyejenga wa kwake peke yake mbali na wengine, maana ukuta wenye nafasi katikati hauzuii adui. Mji wetu nao tunaujenga kwa mawe meusi ya volkano, jiwe juu ya jiwe. Masomo yetu vile vile yanaweza kujengwa.

Ninawaomba Bwana Prefe na walimu wetu wapendwa wapokee maneno haya kama ya mtoto kwa wazazi wake. Nyuma ya miezi michache mimi sitakuwa hapa. Lakini mdogo wangu ataketi kwenye banki ile ile, na ningependa akute somo likimungojea.

Mungu abariki shule yetu na walimu wetu.

Kapita mkuu wa wanafunzi,
4ème humanités